Ushindi wa Ihefu dhidi ya Yanga ni mali ya nani?

Na Mwandishi Wetu

MJADALA wa kupanga kikosi bora cha wakati wote cha Mkoa wa Mbeya hauishi katika vibanda vya kuonyeshea mpira, kuanzia Mwanjelwa jijini hadi Talatala na Ipinda wilayani Kyela. Kila kizazi kina majina yake na kila jina lina mtetezi wake. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni ubishi huo umekuwa ukigota mahali ambapo wazee walioshuhudia Tukuyu Stars ya mwaka 1986 hawakuwahi kupafikiria: je, wachezaji wa timu iliyohamishwa mkoani na kubadilishwa jina bado ni wachezaji wa Mbeya?

Timu yenyewe ni Ihefu. Novemba 29, 2022, katika Uwanja wa Highland Estate, Ubaruku wilayani Mbarali, Yanga ilishuka dimbani ikiwa imecheza michezo 49 ya Ligi Kuu bila kupoteza. Ikatangulia kupata bao kupitia kwa Yannick Bangala. Never Tigere akasawazisha kwa mpira wa adhabu, na kipindi cha pili Lenny Kissu akafunga bao la ushindi. Rekodi ambayo Simba, Azam na timu nyingine zote zilikuwa zimeshindwa kuivunja ikavunjikia pembeni mwa mashamba ya mpunga. Wapo waliosema ni bahati. Oktoba 2023 Yanga ilirudi uwanja uleule, ikatangulia tena kufunga, na ikafungwa tena mabao 2-1, Kissu akiwa miongoni mwa wafungaji.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka 2024, Ihefu ilihamishia makazi yake Singida. Kabla ya msimu wa 2024/25 kuanza, jina nalo likaondoka. Timu ikaitwa Singida Black Stars. Msimu wa 2025/26 ikawa miongoni mwa wawakilishi wa Tanzania katika Kombe la Shirikisho Afrika.

Kwa mujibu wa taratibu za usajili, hapakuwa na timu iliyokufa wala iliyozaliwa. Nafasi katika Ligi Kuu ni ileile, ila uwanja, jezi na jina vimebadilika. Kwa mkazi wa Ubaruku hesabu ni nyingine kabisa. Ihefu ni jina la ardhi oevu ya Usangu inayoulisha Mto Ruaha Mkuu, na ni jina lisiloweza kubebwa kwenye basi kwenda kokote. Pengine ndiyo maana halikudumu Singida hata msimu mmoja mzima.

Swali linalobaki ni la kumbukumbu. Miaka 20 ijayo, kijana atakapouliza ni nani waliouvunja mwendo wa Yanga wa michezo 49, ataambiwa ni Mbarali au ni Singida? Anayepanga kikosi bora cha Mbeya leo analazimika kulijibu swali hilo kabla hajaandika jina la kwanza.

Jambo hili si geni katika soka la Tanzania, ingawa limezidi kushika kasi. Timu ya Mbagala Market ilinunuliwa na kugeuka African Lyon. DTB, iliyokuwa timu ya benki, ilipanda daraja mwaka 2022 na kuitwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate, na mwaka 2024 ikaondoka Singida na kwenda Babati mkoani Manyara kwa jina la Fountain Gate. Yaani katika mwaka uleule mmoja, Singida ilitoa timu moja kwenda Manyara na kupokea nyingine kutoka Mbeya. Mshabiki wa Singida aliyelala akaamka angeweza kudhani ni timu yake ileile, kumbe walikuwa ni watu wa Ubaruku.

Ni vema kutenganisha mambo mawili. Kubadili jina peke yake hakuvunji historia. Sunderland ilipoitwa Simba mwaka 1971 haikuondoka Kariakoo, wala wanachama wake hawakubadilika. Ndiyo maana hakuna anayebisha kwamba ubingwa wa kwanza wa taifa wa mwaka 1965, uliotwaliwa na Sunderland, ni wa Simba. Tatizo huanza pale timu inapoachana na watu wake, kwa kuwa klabu ambayo haina wanachama haina wa kuulizwa.

Wamarekani wamelizoea jambo hili zaidi ya watu wote duniani. Katika mchezo wao wa besiboli, timu za ligi ya juu huendeshwa kama leseni ya biashara: mwenye nayo anaweza kuihamisha mji, na historia yote humfuata. Dodgers walikuwa timu ya Brooklyn, New York. Walitwaa ubingwa wao wa kwanza wa Marekani mwaka 1955 wakiwa huko, na baada ya msimu wa 1957 wakahamishiwa Los Angeles, upande wa pili wa nchi. Jackie Robinson, aliyevunja ukuta wa ubaguzi wa rangi katika ligi hiyo mwaka 1947, hakuwahi kuichezea Los Angeles hata mchezo mmoja. Lakini kila anapopangwa katika kikosi cha wakati wote cha Dodgers, sifa huhesabiwa Los Angeles. Brooklyn ilibaki na masimulizi.

Huko huko Marekani kuna mfano wa kinyume. Mmiliki wa Cleveland Browns, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, alipotangaza mwaka 1995 kwamba anaipeleka Baltimore, mji wa Cleveland ulipigana hadi yakafikiwa makubaliano mwaka 1996: wachezaji na mwenye timu waende, lakini jina, rangi na rekodi zibaki. Mwaka 1999 Cleveland ikapata timu mpya iliyovaa jina la zamani, na historia ikaendelea ilipokuwa imeishia.

Uingereza nayo ilijifunza kwa maumivu. Wimbledon, mabingwa wa Kombe la FA mwaka 1988, walihamishiwa Milton Keynes mwaka 2003 na baadaye kuitwa MK Dons. Washabiki walikuwa wamekwisha kuunda timu yao, AFC Wimbledon, mwaka 2002, wakaanzia madaraja ya chini kabisa. Baada ya miaka kadhaa ya mvutano, MK Dons walikubali kuachana na madai ya historia hiyo, na mwaka 2007 kumbukumbu za ushindi zikarudishwa Merton, eneo ambalo timu ilitoka.

Mbarali haikupata makubaliano ya namna hiyo, na hakuna dalili kwamba kuna aliyeyaomba kwa niaba yake.

Kwa wakazi wa Kyela suala hili lina uzito wa namna yake. Orodha ya mabingwa wa Tanzania Bara haina timu ya Kyela. Kwa umbali wa barabara, Kyela iko karibu zaidi na Karonga nchini Malawi kuliko ilivyo na Jiji la Mbeya, ambako mshabiki hulazimika kupanda milima kwa zaidi ya kilomita 100 ili kuiona Ligi Kuu katika Uwanja wa Sokoine. Ni wilaya ya mpunga, kokoa na samaki, na kwa muda mrefu imeishi na soka la kuazima. Lakini ipo timu moja ambayo watu wa mwambao hawakuiazima, kwa sababu waliiona ni yao tangu mwanzo: Tukuyu Stars, Banyambala.

Kyela ilikuwa sehemu ya Rungwe kabla ya kuwa wilaya inayojitegemea. Lugha ni moja, koo ni zilezile, na wengi wa walioko bondeni wana ndugu milimani. Tukuyu Stars ilipopanda daraja na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 katika msimu wake wa kwanza, mwambao ulihesabu kwamba kombe limeteremka hadi ziwani. Ubingwa wa Bara umekwenda nje ya Dar es Salaam mara chache sana tangu ligi ianze mwaka 1965. Mseto ya Morogoro iliutwaa mwaka 1975, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Katika orodha hiyo fupi, Tukuyu ndiyo mji mdogo kuliko miji hiyo ya mikoa, na ndiyo iliyofanya hivyo ikiwa ngeni.

Ukubwa wa tukio hilo haukuilinda timu. Yanga, kama ilivyo desturi, ilivuna wachezaji wa Banyambala, na Tukuyu Stars haikudumu juu. Lakini angalia tofauti: wachezaji walikwenda Dar es Salaam mmoja mmoja, timu ikabaki Tukuyu ikiwa maskini, na ubingwa wake ukabaki nayo. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kombe la mwaka 1986 ni la mji mwingine. Umaskini huo wa kubaki nyumbani umeilindia Rungwe kitu ambacho Mbarali haina uhakika nacho.

Kikwazo kingine cha mpangaji wa kikosi ni kumbukumbu zenyewe. Besiboli huhifadhi takwimu za kila mchezo tangu karne ya 19. Mtu anaweza kulinganisha mpigaji wa mwaka 1927 na wa mwaka jana kwa namba, kisha akabisha akiwa na ushahidi. Hapa nchini, anayetaka kujua nani alifunga mabao mangapi kwa Tukuyu Stars mwaka 1986 hana kitabu cha kufungua. Atategemea magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Daily News yaliyohifadhiwa maktaba, au kumbukumbu ya wazee waliosikiliza matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Wazee hao wanapungua.

Matokeo yake, vikosi vingi vya wakati wote hupangwa na macho ya televisheni. Ligi Kuu ilipoanza kuonyeshwa na Azam TV msimu wa 2013/14, ndipo Mbeya City nayo ilipopanda. Bahati iliyoje! Klabu hiyo iliyoanzishwa na Halmashauri ya Jiji mwaka 2011, chini ya kocha Juma Mwambusi, ilimaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya tatu kwa pointi 49 katika michezo 26, nyuma ya Azam iliyokuwa na 62 na Yanga iliyokuwa na 56. Simba iliachwa ya nne na pointi zake 38. Mitaa ya Mbeya ilijaa rangi za zambarau, na hata Dar es Salaam watu walianza kuuliza Mwanjelwa iko upande gani.

Hakuna ubaya kuipenda timu hiyo. Ila kuisifu Mbeya City ya pointi 49 hadi kuisahau Tukuyu iliyotwaa ubingwa ni kukubali kwamba kisichoonyeshwa hakikutokea.

Kabla ya majina, kanuni. Wapo wanaotaka asili itumike, na kwa njia hiyo wangemwingiza Shadrack Nsajigwa, nahodha wa zamani wa Yanga na Taifa Stars, kwa jina lake la Kinyakyusa. Kanuni ya asili ni tamu midomoni lakini haina mwisho. Itabidi kuchimba vitongoji vya mababu, na mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, Mbozi na Ileje zote zilihama na watoto wao. Kanuni iliyo salama ni jezi: mchezaji awe aliifanyia kazi timu ya mkoa huu ikiwa mkoani humu. Sifa alizozipata baadaye kwingine zihesabiwe kama ushahidi wa uwezo wake, zisiwe ndiyo tiketi.

Langoni, Ivo Mapunda hana mpinzani mkubwa. Alitoka Prisons, akafika Yanga, akailinda Taifa Stars enzi za kocha Mbrazili Marcio Maximo, kisha akacheza Gor Mahia ya Kenya na Simba. David Burhan wa Mbeya City ya 2013/14, aliyefariki dunia mwaka 2017 akiwa mchezaji wa Kagera Sugar, anakaa benchi kwa heshima zote.

Beki wa kulia ni Salum Kimenya. Jina lake halipigiwi kelele kwenye vijiwe vya Kariakoo, na hiyo ndiyo sababu ya kumtaja. Kwa zaidi ya misimu kumi aliichezea Prisons wakati wenzake wakipita na kuondoka, na katika mjadala unaohusu nani alibaki na nani alihama, mtu wa aina yake anastahili nafasi hata mbele ya mwenye kipaji zaidi. Kushoto ni Hassan Mwasapili, nahodha wa Mbeya City iliyotikisa nchi. Katikati Godwin Aswile wa Tukuyu Stars, ambaye Yanga ilimchukua, akisaidiana na Deogratius Julius wa Mbeya City.

Kiungo hakina ubishi mwingi. Geoffrey Bonny wa Prisons, aliyekwenda Yanga na Taifa Stars, anakaba na kusambaza. Mbele yake ni Sekilojo Chambua, na hapa inabidi kutulia kidogo.

Chambua alipitia Tukuyu Stars kabla ya Yanga kumchukua, na Jangwani alikaa zaidi ya muongo mmoja. Alikuwa kiungo wa Yanga iliyotwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati jijini Kampala mwaka 1993, baada ya kuifunga SC Villa kwao. Pia aliichezea Yanga iliyokuwa timu ya kwanza ya Tanzania kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 1998. Umri wa Chambua kileleni ulikuwa mrefu kuliko ule wa timu iliyomlea. Akipangwa katika kikosi cha wakati wote cha Yanga, hakuna atakayeshangaa. Akipangwa katika cha Mbeya, wapo wa Dar es Salaam watakaouliza kwa nini. Jibu ni kwamba Yanga ilimpokea akiwa amekwisha kujua mpira. Huyu ndiye jina la kwanza kuandikwa, kabla hata ya kipa.

Pembeni ni Deus Kaseke, aliyeng’ara Mbeya City na kusajiliwa Yanga mwaka 2015. Washambuliaji ni Justin Mtekere wa Tukuyu Stars na Paul Nonga wa Mbeya City. Benjamin Asukile wa Prisons na Mwagane Yeya wa Mbeya City wako benchi. Kocha ni Mwambusi, ingawa wazee wa Rungwe wana haki ya kununa.

Hao ni kumi. Nafasi ya kumi na moja ndiyo yenye kesi.

Lenny Kissu aliifunga Yanga katika michezo yote miwili ya Ubaruku. Kwa kipimo cha miaka aliyocheza mkoani, hawezi kulinganishwa na Kimenya. Kwa kipimo cha vikombe, hamfikii hata aliyekaa benchi Tukuyu mwaka 1986. Lakini kumwacha nje ni kukubali kimyakimya kwamba bao lile lilihama na samani za ofisi, na kwamba mkoa hauna haki hata ya kukumbuka kilichotokea katika ardhi yake. Kwa kanuni ya jezi iliyotajwa hapo juu, alivaa ya Ihefu, akiwa Ubaruku, mbele ya watu wa Mbarali. Anaingia.

Zipo hoja za upande wa pili, na si nyepesi. Kuendesha timu ya Ligi Kuu ni gharama kubwa: usafiri, kambi, mishahara, marekebisho ya uwanja ili ukidhi masharti ya leseni. Mwenye kutoa fedha hiyo ana haki ya kutafuta mahali zitakapomrudia, na Singida walau imekuwa tayari kupokea. Pia ni kweli kwamba Mbeya haikupungukiwa timu. KenGold ya Chunya ilipanda msimu wa 2024/25, japokuwa ilishuka msimu uleule ikiwa mkiani. Mbeya City, iliyoshuka mwaka 2023, ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2025/26. Prisons yenyewe ni mali ya Jeshi la Magereza, na kwa namna hiyo haihamishwi kwa hiari ya tajiri mmoja.

Hata hivyo, hoja ya fedha inahusu nafasi katika ligi, haihusu kumbukumbu. Anayenunua nyumba hanunui makaburi yaliyo nyuma yake. Shirikisho la Soka Tanzania na Bodi ya Ligi wanaweza kuruhusu nafasi ihame bila kuruhusu rekodi ihame, na hilo halihitaji fedha wala sheria ya Bunge. Panahitajika kifungu kimoja katika kanuni za ligi: timu ikihama mkoa na kuacha jina, takwimu za jina la zamani zifungwe na kubaki kwa mkoa ulikotoka, na timu mpya ianze kuhesabiwa kuanzia mchezo wake wa kwanza. Kama siku moja Mbarali itapandisha tena timu inayoitwa Ihefu, ikute kumbukumbu zake zikiisubiri.

Kifungu hicho kingeisaidia Singida pia. Timu iliyoko huko imekuwa ikijijengea sifa zake yenyewe Afrika, na haina haja ya kuazima jioni ya Novemba 2022. Mshabiki wa Singida hakuwepo Highland Estate, na akiulizwa Kissu alifunga kwa mguu gani hana la kujibu. Wa Ubaruku analo, na anaweza kuonyesha hata goli lenyewe ni lipi.